Anza na Hesabu ya Usiku: Tulivyobadili Sola na Betri za Trela la Mzee



Safari hii mhariri kanibana niandike kitu cha fani yangu. Nikamwambia sawa, ila sitaandika kuhusu tasnifu, maana hata mimi mwenyewe ikinikalia mbele naanza kupiga miayo. Nitaandika kuhusu trela la Mzee. Wengi wenu mnamfahamu Mzee, yule wa Silver Spring ambaye kila sikukuu tunakwenda kumaliza pilau yake. Ameniruhusu nisimulie, kwa sharti moja tu: nisifiche kosa langu. Basi sifichi.

Mzee alipostaafu, yeye na Mama walinunua trela la kulala lililotumika, ile nyumba ndogo ya futi 20 inayokokotwa na gari. Lina kitanda, jiko la gesi, friji ya gesi, hita ya gesi na choo. Ndoto yao ni kuzunguka: Shenandoah, Assateague, mpaka Florida wakijaliwa. Ila Mzee ana jambo moja. Akilala, pumzi humkatika, na daktari amempa mashine ya kupumulia ambayo lazima aivae kila usiku. Mashine hiyo inatumia umeme, na hifadhi nyingi za serikali hazina umeme kwenye viwanja vya kambi.

Oktoba 2024 akanipa dola 400. "Injinia, niongezee umeme humo ndani."

Kosa langu

Mimi, mtu wa shahada ya pili, miaka 30, nikafanya kile ambacho ningemfelisha mwanafunzi wa mwaka wa kwanza kwa kukifanya. Sikuuliza umeme unakwenda wapi. Nilikimbilia kununua paneli mbili za wati 100 na chaji kontrola ya bei rahisi, nikazifunga juu ya paa, taa ya kijani ikawaka, tukapiga picha. Betri ya zamani nikaiacha palepale mbele ya trela.

Novemba Mzee na Mama wakaenda kujaribu kambi ya Greenbelt Park, hapa hapa Maryland. Ni hifadhi ya taifa iliyo karibu sana na Washington, unasikia magari ya Baltimore–Washington Parkway ukiwa umelala. Umeme wa kuchomeka hakuna, na saa za utulivu za usiku jenereta haziruhusiwi. Na ni msitu, jamani. Trela likaegeshwa chini ya miti.

Saa tisa usiku kila kitu kikazima. Taa, mashine ya Mzee, na hita pia. Ndiyo, hita ni ya gesi, lakini feni yake na kidhibiti chake vinatumia umeme. Mzee akaamka anatweta, kichwa kinamgonga, ndani baridi. Wakahamia kwenye gari, wakakaa macho mpaka kukakucha.

Saa kumi na mbili asubuhi simu yangu ikalia. Nikamwamkia, "Shikamoo Mzee." Akajibu, "Marahaba. Injinia, umeme wako umelala kabla yangu."

Alisema kwa utani. Lakini Mama alipochukua simu hakutania. "Mwanangu, trela tunaliuza. Siwezi kulala nikisikiliza kama mume wangu anapumua."

Nikaomba wiki sita. Yanayofuata ndiyo niliyotakiwa kuyafanya mwanzo, na kwa mpangilio huu huu.

Somo la kwanza: hesabu kinachotumika

Chukua karatasi. Andika kila kifaa, wati zake, na saa zinazotumika kwa siku moja ya baridi. Zidisha upate wati-saa. Sisi tulipata hivi:

Feni ya hita: wati 90 × saa 5 = 450
Mashine ya kupumulia: wati 35 × saa 8 = 280
Vifaa visivyozimwa (kitambuzi cha gesi, redio, kidhibiti cha friji): wati 5 × saa 24 = 120
Simu na kompyuta ndogo: 100
Taa za LED: wati 10 × saa 4 = 40
Pampu ya maji: 20

Jumla ni kama wati-saa 1,010. Ukigawa kwa volti 12 unapata ampea-saa 84.

Tazama mstari wa kwanza. Sote tulidhani mla umeme ni mashine ya Mzee. Kumbe ni feni ya hita, ambayo hakuna aliyeifikiria kwa sababu "hita ni ya gesi". Na mstari wa tatu ni mwizi mdogo asiyelala: wati 5 tu, lakini mchana na usiku.

Sasa betri. Ilikuwa ya risasi na asidi, ampea-saa 80. Betri ya namna hiyo ukiitumia zaidi ya nusu mara kwa mara unaiua mapema, kwa hiyo cha kutegemea ni ampea-saa 40, yaani wati-saa 480. Weka na uzee wake, weka na baridi inayopunguza nguvu zake. Mahitaji 1,010, ghala 480. Hapo saa tisa usiku haikuwa bahati mbaya. Ilikuwa imeandikwa kwenye hesabu, mimi tu sikuisoma.

Kabla ya kununua chochote, punguza. Mashine ya Mzee ina kipasha-unyevu cha hewa kinachokula umeme mwingi. Daktari wake akakubali akizime akiwa kambini, na hizo wati 35 ni baada ya kukizima. (Usizime cha mgonjwa wako bila kumwuliza daktari.) Tena mwanzoni mashine ilipitia kwenye inveta, kile kifaa cha kugeuza volti 12 kuwa volti 120 za ukutani. Inveta yenyewe inakula wati 10 mpaka 20 hata kama haifanyi kazi ya maana. Tukanunua waya maalumu wa mashine hiyo unaochomekwa moja kwa moja kwenye volti 12. Inveta ikazimwa usiku. Umeme wa bei nafuu kuliko wote ni ule ambao hukuutumia.

Somo la pili: jua la hapa si la kwetu

Hapa ndipo sisi watu wa ikweta tunapopotea. Kwetu jua ni jua. Dar es Salaam, hata Juni linapokuwa chini kabisa, saa sita mchana linasimama nyuzi 60 hivi juu ya upeo. Washington iko nyuzi 39 kaskazini. Tarehe 21 Desemba saa sita mchana jua linafika nyuzi 28 tu, na siku nzima ina mwanga wa saa 9 na nusu hivi. Paneli iliyolala chali juu ya paa inapigwa ubavuni: inapata chini ya nusu ya mwali ambao ingepata kama ingeelekezwa juani.

Mafundi wana kipimo cha "saa za jua kamili", yaani jumla ya jua la siku nzima ukiligeuza kuwa saa za jua kali la wati 1,000 kwa mita ya mraba. Kwa paneli iliyolala, eneo letu hili linapata kama saa 6 mwezi Juni na kama saa 2 tu mwezi Desemba. Toa na robo inayopotea njiani kwenye waya, vumbi na kontrola. Basi paneli zangu mbili za wati 100:

Juni: 200 × 6 × 0.75 = wati-saa 900
Desemba: 200 × 2 × 0.75 = wati-saa 300

Trela lilelile, paneli zilezile. Juni umeme unabaki, maana hita hata huiwashi. Desemba unapata chini ya theluthi ya mahitaji. Na hiyo ni bila kivuli.

Kivuli ni habari nyingine. Ndani ya paneli, seli zimeunganishwa kwa mfululizo, moja nyuma ya nyingine, kama mpira wa kumwagilia bustani. Ukiukanyaga mpira sehemu moja, maji hayapungui pale ulipokanyaga tu, yanapungua mpira mzima. Kivuli cha tawi moja kikiangukia seli chache kinafanya hivyo hivyo. Watengenezaji huweka dayodi za kuruka sehemu iliyofunikwa, lakini unapoteza sehemu nzima, si ile seli tu. Chini ya miti ya Greenbelt, wati zangu 200 zilikuwa pambo la paa.

Dawa yake? Kiangazi trela linataka kivuli, paneli zinataka jua. Basi zitenganishe. Tukaacha mbili juu ya paa, tukaongeza mbili za kubebeka zenye miguu na waya wa mita 10. Trela linakaa kivulini, paneli zinapelekwa kwenye uwazi na kuelekezwa kusini, zimeinuliwa. Hizi mbili za chini tukaziunganisha kwa mfululizo ili volti iwe mara mbili na mkondo uwe nusu. Upotevu kwenye waya unafuata mraba wa mkondo (ile I²R ya kidato cha tatu, mnaikumbuka?), kwa hiyo mkondo ukiwa nusu, upotevu ni robo. Kwenye waya wetu tulitoka kwenye wati 8 hadi wati 2 hivi. Kisha kila jozi ikapewa chaji kontrola yake ya MPPT, maana paneli zilizo juani na zilizo kivulini hazifai kufungwa nira moja.

Tahadhari moja ambayo nyumbani hatuifikirii: baridi hupandisha volti ya paneli. Paneli mbili zinazotoa volti 44 bila mzigo zinaweza kukaribia 49 kwenye baridi kali. Ukinunua kontrola yenye kikomo cha volti 50 unacheza na moto. Nunua ya 75 au 100.

Somo la tatu: betri ni ghala

Mwaka 2002 nilikuwa na miaka saba, kijijini karibu na Muheza. Televisheni ilikuwa moja, nayo ilitegemea betri ya gari iliyobebwa kwa baiskeli kwenda kuchajiwa mjini. Tarehe 22 Juni Senegali ilicheza na Uturuki robo fainali ya Kombe la Dunia. Kijiji kizima tupo. Kipindi cha pili picha ikaanza kusinyaa pembeni, ikawa ndogo kama kitambaa cha mkono, ikazima. Goli la dhahabu la Uturuki tulilisikia redioni. Watu walimlaumu mwenye televisheni. Mwenye televisheni akamlaumu fundi chaji. Hakuna aliyeuliza betri ina ampea-saa ngapi.

Sola bila betri ni shamba bila ghala, na betri bila sola ni ghala lisilo na shamba. Hata Wamarekani walijifunza hivyo, tena hapa hapa. Maabara ya Utafiti ya Jeshi la Wanamaji, iliyoko Washington kando ya mto Potomac, ilitengeneza Vanguard 1, satelaiti ya kwanza kutumia sola, ndogo kama balungi. Ilirushwa tarehe 17 Machi 1958 ikiwa na redio mbili, moja ya betri, nyingine ya seli za sola. Ya betri ikanyamaza Juni mwaka huohuo. Ya sola ikaendelea kupiga kelele mpaka 1964.

Kwa trela tulichagua betri mbili za lithiamu-chuma-fosfeti, ampea-saa 100 kila moja, sambamba. Sababu ni hizi. Kwanza, unaweza kutumia asilimia 90 yake bila kuiumiza, si nusu. Pili, inastahimili kuchajiwa na kutumiwa maelfu ya mara, wakati ile ya risasi huhesabu mamia. Tatu, uzito: kila moja ni kilo 11 hivi, na ile moja ya zamani ilikuwa karibu kilo 22.

Ghala letu sasa: 200 × 12.8 = wati-saa 2,560, na za kutumia ni 2,300. Hata jua likigoma kabisa, Mzee ana siku mbili. Paneli zote 400 zikipata jua la Desemba zinaleta wati-saa 600 hivi, kwa hiyo pengo ni kama 400 kwa siku, na ghala linaweza kuliziba siku tano.

Lakini lithiamu ina masharti, na ndiyo yanayowatia watu hasara.

La kwanza ni baridi. Ruhusa ya kutumia ipo, ruhusa ya kuchaji chini ya nyuzi sifuri haipo. Ukichaji, lithiamu inashindwa kuingia ndani ya elektrodi ya grafiti, inaganda juu yake kama metali, na betri inakufa pole pole bila kukuambia. Betri nzuri ina saketi ya ulinzi inayokata chaji kukiwa na baridi. Hakikisha yako inayo. Tena, betri za risasi hukaa nje mbele ya trela kwa sababu zinatoa gesi ya hidrojeni wakati wa kuchaji. Hizi hazina haja hiyo. Tukazihamishia ndani, chini ya kiti, ambako zinaota hita pamoja na wazee.

La pili ni chaja. Chaja ya zamani ya trela ilikuwa inatoa volti 13.6. Lithiamu inataka 14.2 mpaka 14.6 ili ijae. Ukibadili betri ukaacha chaja ile, utalalamika kwamba umeuziwa betri mbovu.

La tatu ni gari. Lithiamu ina njaa. Ukiiunganisha moja kwa moja na alteneta kupitia ule waya mwembamba wa plagi ya trela, itavuta mkondo mpaka waya uchemke. Weka chaja ya katikati inayopima mkondo.

Somo la nne: volti 12 haikuui, inakuchoma

Watu hudharau volti 12 kwa sababu ukiigusa haikurushi. Lakini volti zikiwa chache, mkondo unakuwa mkubwa. Inveta ya wati 1,000 kwenye volti 12 inavuta ampea zaidi ya 90. Huo mkondo ukipita kwenye waya mwembamba ni jiko. Tulitumia waya wa milimita za mraba 35, mfupi kadiri ilivyowezekana.

Fyuzi kubwa inakaa karibu na betri, ndani ya sentimita 20 hivi, upande wa chanya. Kazi yake ni kulinda waya, kwa hiyo kipande cha waya kilicho kabla ya fyuzi hakina mlinzi. Na betri ya lithiamu ikigusanishwa nyaya inaweza kutema maelfu ya ampea kwa mpigo, mkondo ambao fyuzi ya kawaida ya gari inaweza kushindwa kuukata. Inatakiwa ya aina ya "Class T". Hapa usibane pesa.

Na kaza nati. Siku ya jaribio la kwanza, tukiwa uani kwa Mzee, nilisikia harufu ya plastiki. Nikazima swichi kuu, nikapapasa: nati moja ya inveta niliikaza kwa vidole nikasahau spana. Dakika kumi tu na kifuniko chake kilikuwa kimeanza kulainika. Mzee alikuwa amesimama nyuma yangu. Hakusema neno, alinipa tu spana. Toka siku hiyo kila nati nikishaikaza naitia alama ya kalamu.

Matokeo

Tulifunga pia mita inayohesabu ampea zinazoingia na kutoka, ili wasikisie kwa taa ya kijani. Wazee wakalala usiku mbili kwenye trela likiwa uani, nyumba iko hatua kumi. Vifaa vya uhai havijaribiwi msituni. Na tulinunua betri ndogo ya akiba ya mashine ya Mzee peke yake, inayotosha usiku mmoja, iwapo yote haya yatashindwa. Mhandisi anayeamini kazi yake asilimia mia ni hatari kwa umma.

Februari 2025 wakarudi Greenbelt, kambi ileile. Sikulala. Saa kumi na mbili na robo asubuhi ujumbe ukaingia, picha ya mita: asilimia 61. Asubuhi ya pili, baada ya paneli za chini kupata jua la mchana: asilimia 37. Siku ya tatu ujumbe ulitoka kwa Mama: "Amelala mpaka saa mbili. Nimechoka kumsubiri chai."

Trela halikuuzwa.

Kwa nini nawaandikia

Wengi wetu tunarudi nyumbani, au tunatuma pesa za kufunga sola kwa wazazi. Shangazi atakwambia, "Nitumie paneli kubwa." Fundi wa mjini atasema vivyo hivyo, maana paneli inaonekana juu ya bati na majirani wanaiona. Wewe uliza kwanza: usiku mnawasha nini, kwa saa ngapi? Hesabu ni ileile kwa trela la Maryland, duka la Namanga au friji ya chanjo kwenye zahanati. Matumizi kwanza, ghala la pili, jua la tatu, waya na fyuzi siku zote. Mimi nilianza na jua, na mtu mzima akalipa kwa pumzi yake.

Zoezi la nyumbani: mpigie simu mzazi mmoja mwenye sola. Mwandikie orodha kama ile ya somo la kwanza, halafu linganisha na ampea-saa za betri yake. Ukikuta pengo, usimtumie paneli kabla ya kulijua.

Mwenye swali anajua ninapopatikana: Jumamosi, uani kwa Mzee, nikiwa na spana.

Wasalaam.